Singo ya Siku ya Mwisho

Wiki ya harusi yangu, mama aliniletea somo, mwanamke wa hapa hapa Mtunda aliyewafunda nusu ya wake wa kijiji. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule, na nilinuna. Anifundishe nini mimi? Kila asubuhi alinifungia chumbani, akanisugua singo, ule unga wa manukato wa kulainisha ngozi ya bibi harusi, toka shingoni hadi nyayoni, huku akihubiri kwa sauti kwamba mke ni kuzaa, na uzazi wa mpango ni mambo ya watu wa Dar.

Siku ya mwisho vidole vyake vikasimama upande wa ndani wa mkono wangu wa kushoto, juu ya kiwiko. Alikuwa amegusa vijiti vyangu vya uzazi wa mpango, na mimi bado sijaolewa! Nje ya mlango mama na shangazi walikuwa wanapepeta mchele. Nikajua nimekwisha.

Somo yangu, Mungu amtunze, aliuchukua mkono wangu, akauweka juu ya mkono wake, pale pale. Nikavihisi, viwili.

"Vyangu vya miaka mitano," akaninong'oneza.

Kisha akaendelea kusugua, akapaza sauti hadi uani: "Uzae, mwanangu! Uzae ujaze nyumba!"