Nilivyomnong'onezea Mzee Mrusi

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipoajiriwa kufua na kupiga pasi katika nyumba ya mzee mmoja Mrusi, kwenye shamba la kahawa upande wa juu wa Ruiru. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Tulikuwa tumeondolewa kwenye mashamba yetu na kukusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na lango lilifungwa jua likianza kushuka. Baba alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua alioupata kwenye machimbo ya mawe, na mama akamfuata mwaka uleule. Mimi nilitoka darasa la nne nikawalea wadogo zangu watatu. Aliyekuwa mdogo kabisa aliniita mama, na sikumkataza.

Kazi kwa yule mzee ilikuwa na maana moja kubwa: barua. Kila mwezi alitia sahihi barua ya kusema mimi ni mfanyakazi wake. Msichana asiye na barua alipelekwa kuchimba handaki kutwa, na watoto aliowalea walikula walichookota.

Mzee mwenyewe alikuwa karani wa mizani. Wakati wa mavuno alisimama kando ya kiwanda cha kuosha kahawa akiandika uzito wa debe la kila mwanamke, bila kumpunja mtu. Wazungu wenzake hawakumwalika popote. Kiingereza chake kilikuwa kizito, Kiswahili chake cha jikoni, na jioni alikaa barazani peke yake amevaa koti na tai, kama anayesubiri kuitwa.

Nilijua alikuwa nani kwa sababu ya picha. Siku moja nilikuta kabatini picha yake akiwa kijana, amepakwa rangi nyeusi kuzunguka macho, amelala sakafuni na kisu kifuani. Niliirudisha haraka. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi hapo nakufa," alisema. "Mimi nakufa vizuri sana."

Basi akaanza kunieleza, kidogo kidogo, siku nyingi, huku nikipiga pasi. Alizaliwa katika mji ulio kando ya mto mkubwa unaoganda mpaka magari ya farasi hupita juu yake. Akiwa na miaka kumi na sita alitoroka kwao akaingia katika kundi la michezo ya jukwaani. Mwaka wa kwanza alibeba mapanga ya wenzake. Wa pili alipewa nafasi ya mtumishi anayeingia na barua, anainama, anatoka. Alifanya hivyo usiku hadi usiku, na alisema alijifunza mengi zaidi katika kuinama kule kuliko katika nafasi zote za baadaye. Kisha mji mkuu, kisha filamu zile za zamani zisizo na sauti. Humo alizama, alinyongwa, alikunywa sumu. Wanawake walimtumia maua.

Halafu vita, na baada ya vita mapinduzi, na meli, na miji ya watu wengine. Katika miji hiyo aliendelea kucheza filamu, maana uso hauhitaji lugha. Filamu zilipoanza kusema, kazi ikaisha. Binamu yake aliyekuwa na ndoto ya kahawa ndiye aliyemleta Kenya. Binamu akafa, ndoto ikauzwa, mzee akabaki na mizani.

Mwaka wa pili wa kazi yangu aliniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua. Akaniletea karatasi ishirini alizoandika kwa mkono wake. Herufi zilikuwa zetu, lakini sikuelewa hata neno moja. Alikuwa ameandika Kirusi kwa jinsi tunavyoandika Kiswahili, ili mtu asiyekijua aweze kukitamka.

Yalikuwa maneno ya mchezo mmoja aliowahi kuucheza miaka mingi. Mtu ni mvushaji, ana mashua mtoni. Usiku wa dhoruba ndugu yake, ambaye wamegombana naye, anamwita kutoka ng'ambo ili amvushe. Anamwita mara tatu. Yeye anakaa kimya. Asubuhi ndugu hayupo. Mchezo wote ni mvushaji huyo, sasa mzee, akiusimulia mto alichofanya.

"Mpwa wangu anatoka Nairobi Jumapili ya Pasaka yetu," aliniambia. "Anakuja na Warusi watatu. Anasema mimi nasahau. Akiona nasahau, atanipeleka kwenye nyumba ya wazee. Akiona mimi nasema mchezo wote, kichwa mpaka mkia, ananiacha hapa."

Ilikuwa kweli alisahau. Nilikuwa nimekuta viatu vyake ndani ya pipa la unga. Na nilijua kwamba akiondoka, barua yangu inaondoka naye.

Kwa hiyo nikawa mnong'onezaji wake. Kwao kila jumba la michezo lina mtu kama huyo, amefichwa, anafuata maneno kwenye karatasi na kumtupia mchezaji neno linalompotea. Tulifanya mazoezi katika ghala tupu, mimi nyuma ya pazia la magunia. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu mzee alikuwa na vituo virefu vya kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya mchezo. Mara ya kwanza nilimnong'onezea katikati ya kituo. Alikuja nyuma ya pazia mbio.

"Hapo mimi nasikiliza mto! Wewe kwa nini unatupa maneno ndani ya mto wangu?"

Tukapatana. Mkono wake wa kushoto ungekuwa nyuma mgongoni, mahali ninapouona. Akikunja kidole gumba, amesahau. Gumba likiwa wima, nisithubutu.

Siku nyingine karatasi ziliniponyoka zikatawanyika. Nilipoinama kuziokota alipiga kelele nisiziguse, akanilazimisha nizikalie kwanza, palepale chini, kwa sababu kwao maneno ya mchezo yakianguka lazima yakaliwe, la sivyo onyesho litaanguka nayo. Nikakaa. Na yeye akakaa kando yangu na tai yake, kwa uzito wote, tukatazama ukuta.

Nilisoma zile karatasi nikienda na nikirudi, na askari wa langoni akazoea kuniona midomo ikicheza.

"We msichana, unamwapiza nani?"

"Naomba tu, baba."

"Omba kwa sauti, na sisi tupate baraka."

Jumapili ile wageni walifika saa nane mchana kwa gari dogo jeusi. Mpwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye glavu; wengine walikuwa wazee wawili wanaume na bibi kizee mmoja aliyeshikwa mikono kushuka. Walikaa kwenye viti vinne katikati ya ghala. Nikaingia nyuma ya magunia.

Mzee alisimama, akaanza. Sijui nieleze vipi. Mgongo wake ulibadilika. Nilimwona kwa nyuma tu, na bado nilijua yuko mtoni na kuna baridi. Mara mbili gumba lilikunjwa, nikatupa neno, akalichukua bila mtu kujua.

Tukafika mahali ndugu anapoita mara ya tatu. Hapo kulikuwa na kituo kirefu kuliko vyote. Kwenye mazoezi nilihesabu mpaka kumi na tano. Nikahesabu. Kumi na tano ikapita. Gumba lilikuwa wima. Ishirini. Nilimsikia bibi kizee akilia taratibu. Thelathini. Kisha mkono ukashuka kutoka mgongoni, ukaning'inia, na kichwa chake kikageuka kuangalia kuta kama mtu aliyeamka katika nyumba ya wenyewe. Hakuwa amesahau neno. Alikuwa amesahau kwamba kuna maneno.

Nilinong'ona. Hakusikia. Nikanong'ona tena, kwa nguvu. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili. Nikafungua kinywa nikazisema, kwa sauti yangu yote, kutoka nyuma ya pazia, nikipanda alipozoea kupanda na kushuka alipozoea kushuka, mpaka mwisho. Yeye alisimama akisikiliza. Nilipomaliza aliinama, polepole, vizuri kabisa.

Walipiga makofi wamesimama. Bibi kizee alikuja nyuma ya magunia, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniambia mambo mengi kwa Kirusi, akangoja nimjibu. Nilikuwa nimesema karatasi mbili za lugha yake na sikuweza kumwambia hata asante. Uso wake ulififia, akaniachilia.

Mpwa ndiye aliyenieleza kwa Kiswahili. "Amefanya vizuri sana. Hiyo sauti ya ndugu kutoka ng'ambo ya mto, hiyo akili ni yake?"

Nilimtazama. Waliamini ilikuwa sehemu ya mchezo.

"Ni yake, Memsaab."

"Basi nilimdhania vibaya. Nitamwacha hapa."

Wakanywa chai, wakaingia garini. Nilikuwa naosha vikombe mzee alipokuja jikoni akiweka tai yake sawa.

"Wageni watafika saa ngapi?" aliuliza. "Pazia tayari?"

Kupitia dirishani niliona gari likizunguka polepole kwenye vitanda vya kuanikia kahawa. Nikafikiria barua. Nikafikiria wadogo zangu. Nikafikiria pia pipa la unga, na jiko la mafuta analoliwasha mwenyewe, na kwamba kila jioni lango la kijiji hufungwa mimi nikiwa upande mmoja na yeye upande mwingine. Niliweka kikombe chini nikakimbia.

Mpwa aliteremsha kioo. Nikamwambia yote: gumba, karatasi, sauti. Alinisikiliza akavua glavu moja.

"Kwa nini hukuniambia kule ndani?"

"Nilitaka abaki, Memsaab."

Walikuja kumchukua baada ya siku tisa. Siku hiyo kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimbebea sanduku mpaka garini. Alikataa nimshike mkono.

"Ningeweza kukaa," alisema.

"Najua, Bwana."

"Wao hawakujua."

"Najua."

Akaketi kiti cha nyuma, akatazama mbele, na gari likaondoka.

Nilichimba handaki miezi saba. Ndugu yangu anayenifuata aliacha shule akaja kunisaidia kutafuta kuni, na hilo sikuwa nimelipanga. Baadaye nilipata kazi Thika, kumenya mananasi kiwandani. Wanawake wenzangu waliongea kutwa, na mimi nilikuwa mkimya, wakanidhania nina maringo. Nilimwandikia mpwa mara mbili kuuliza habari za mzee. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi ikiwa bado imefungwa.