Nanga ya Meno Manne

Chuma kikichomwa kina harufu yake, na ufukweni mwa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, harufu hiyo ilichanganyika na ya mawese na ya ndagala, dagaa wetu, walioanikwa juani. Ndivyo ninavyoikumbuka Jumamosi ile, nikiwa darasa la tano, mama alipotuchukua kwenda kwa mhunzi kuchagua nanga. Baba alikuwa ametutoka, akatuachia mashua ya tanga iliyopeleka mihogo ya Lubondja hadi Ubwari. Hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Sasa kamba ilikuwa imekatika na nanga imebaki ziwani. Mashua nayo ikipotea, tumekwisha.

Siku hizo karibu kila mwenye mashua alitumia chuma cha lori lililofia njia ya Misisi: kipande cha injini, kamba fupi, basi. Baba mdogo alituletea kimoja cha kuvunja mgongo. "Shemeji, kamata hii. Iko muzito, haitatikisika."

Mama akakitazama. "We ndiye utakuwa unaivuta? Nanga inakamata na meno, haikamate na tumbo." Baba mdogo akacheka sana, akasema akili nyingi huondoa maarifa.

Mhunzi alikuwa na nanga tatu za meno manne. Mama alizilaza moja moja kwenye mchanga wenye maji, akafunga kamba, akatuamuru mimi na wadogo zangu watatu tuvute. Ndogo iling'oka mara moja. Ya kati iling'oka tulipovuta kamba fupi kwenda juu, lakini kamba ndefu ilipolala chini tulivuta mpaka tukaangukia matako, nayo haikusogea. Kubwa ilishika pia, ila mama alishindwa kuinyanyua hadi ukingo wa mashua. Akachukua ya kati, akaiongezea kipande cha mnyororo na kamba ndefu kuliko zote sokoni. Ufuko mzima ulitucheka. Mimi niliona aibu, nasema kweli. Yeye hata kidogo.

Mwezi haukuisha, upepo wa kusini ukashuka mchana kweupe. Tulikimbia ufukweni, mama mbele, kitenge mkononi. Mashua zilikuwa zinaburuta vyuma vyao. Mbili zilipasukia mawe, ya baba mdogo ikapanda mchangani kwa ubavu. Yetu iliruka juu na chini palepale ilipofungwa. Mama aliketi chini, akajifunga kitenge chake. Baba mdogo akaja, maji yanamtiririka. "Mama Neema, nionyeshe ile kamba iko na urefu gani." Mama alijua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo alimwonyesha tu, bila maringo. Mimi sikuwa na adabu hiyo. Niliringa shule nzima.

Leo mashua nyingi zina mota, na nanga hununuliwa dukani, kilo zimeandikwa ubavuni. Mama haendi tena ziwani, magoti yanamsumbua. Nilipokwenda kununua nanga ya mashua yangu mwenyewe, kijana wa duka aliniambia, "Mama, itisha kwanza bwana yako achague."

"Mi ni Neema," nikamjibu. "Uliza bazee ba hapa mama yangu ni nani."

Akaenda kuuliza. Aliporudi alikuwa amebeba bunda la kamba, anangoja nimwambie akate wapi.