Ng'ombe Waliokanyaga Bwawa la Asenath

Kutoka mlango wa jiko la Asenath mpaka ukingo wa bwawa ni hatua kumi na nne. Wiki hii alizihesabu upya, kwa miguu ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alipata thelathini, na mtoto wa umri huo hana sababu ya kusimama kwenye ya thelathini.

Bwawa lilichimbwa na marehemu mumewe, Gershom, baada ya semina ya ufugaji wa samaki mjini Garsen. Waliohudhuria walipewa vifaranga vya perege na karatasi ya nailoni ya kutandika chini ya maji. Perege waliliwa miaka miwili. Kisha mto ulifurika, ukapita uani, ukachukua perege na kuacha kambare, matete na tope. Gershom alifariki kabla ya kulisafisha. Asenath, mwalimu mstaafu wa chekechea, aliishi nalo kama mtu anavyoishi na mgeni asiyeaga.

Sasa binti yake, Maurine, alikuwa amepata kazi Malindi, ya kuanza Jumatatu. Alitaka kumwacha mwanawe, Valary, Kulesa kwa bibi yake. Alipopiga simu hakuzungusha maneno.

"Bwawa bado lipo?"

"Lipo, lakini nitalizungushia miiba."

"Mama, miiba inaoza. Likifukiwa kabla ya Jumamosi, namleta. La sivyo anakwenda Voi kwa mama mkwe."

Asenath hakumjua vizuri huyo mama mkwe wa Voi, na hakutaka kuanza kumjua kwa njia hiyo.

Jumatatu aliwaita vijana wawili wa kijijini. Walimwaga wilbaro sita za udongo moja kwa moja majini. Maji yakapanda, bwawa likawa sufuria ya uji, na uji ukasogea hatua mbili kuelekea jikoni. "Mwalimu, hili linakula udongo," alisema mmoja wao. Wakanawa, wakaenda kupanda mpunga. Mto ulikuwa umeanza kushuka, na shamba la ukingoni halimngoji mtu.

Jumanne alikwenda Garsen kumtafuta Hirbo. Hirbo ni Muorma, mfugaji, na kila kiangazi watu humwita kuwachimbia visima vya kunyweshea mifugo. Asenath aliona kwamba anayejua kufungua shimo atajua na kulifunga. Hirbo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nachimba miaka ishirini. Hakuna mtu amewahi kuniita kufukia maji. Nyinyi watu wa mto mmeshiba maji mpaka mnayazika."

"Utakuja au huji?"

"Nitakuja. Lakini mke wangu Dahabo asijue ni kazi gani."

Jumatano Hirbo alichimba mfereji upande wa chini na kuyatoa maji. Akaichana karatasi ya nailoni, akaacha jua lipige. Alhamisi akabomoa kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo na kuanza kujaza, tabaka juu ya tabaka. Asenath hakutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Uji wake uliungua. Kila baada ya muda alikwenda ukingoni kuuliza imebaki kiasi gani.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

"Umekaa umesimama."

Saa tisa alasiri shimo lilikuwa sawa na uwanja. Hirbo alichukua fimbo, akaisukuma katikati. Ilizama mkono mzima.

"Juu imekauka, chini bado ni uji. Mtu mzima atazama mpaka goti. Mtoto..." Hakumaliza. "Ngoja mvua mbili, itashika."

"Mjukuu wangu anakuja keshokutwa."

Hirbo alifuta fimbo kwa majani. "Basi ni kwato. Boma letu halikazwi na jembe, linakazwa na ng'ombe. Nikileta ishirini wakazunguka hapa saa moja, utajenga nyumba juu yake."

Asenath alielewa anachoombwa. Ng'ombe wa Waorma hushuka mtoni kwa njia yao, chini ya kijiji. Hawapiti katikati ya mashamba. Mwaka ule mbaya nyumba zilichomwa pande zote mbili, za Waorma wafugaji na za Wapokomo wakulima wa Kulesa, na chanzo kilikuwa ng'ombe ndani ya shamba. Yeye na Maurine walilala wiki tatu kwenye sakafu ya darasa.

Hata hivyo alikwenda kwa Nicholas, jirani ambaye mahindi yake yako kandokando ya njia ya kuingia kwa Asenath.

"Mwalimu, umechanganyikiwa? Ng'ombe wa Waorma, tuwaite wenyewe?"

"Nawaita mimi. Wewe nakuomba njia."

"Wakila mahindi?"

"Utachukua ndizi zangu zote."

"Ndizi zako zina ugonjwa."

"Basi nitakuja kukulimia."

Nicholas alimtazama: miaka sitini na miwili, goti moja bovu. "Hiyo sasa ni hasara juu ya hasara," akasema, akaenda kuwaita watu waje kulinda mimea yao.

Ijumaa saa tatu asubuhi waliingia ng'ombe ishirini na wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Hirbo alitangulia, Dahabo akafunga safu kwa fimbo yake. "Kumbe ni kweli," Dahabo alimwambia Asenath alipompita. "Mume wangu anafukia maji." Watu wa Kulesa walijipanga pande mbili, kila mtu mbele ya mimea yake.

Mtamba mwekundu alinyoosha shingo, akachuma jani moja la mahindi pembeni mwa bega la Nicholas. Safu nzima ilisimama. Dahabo aliinua fimbo, lakini hakuishusha. Asenath aliona jani likizama mdomoni polepole, akahisi Voi inakaribia.

"Anaitwa nani huyu?" Nicholas aliuliza.

"Dimtu," Hirbo alijibu.

"Dimtu, njia iko mbele."

Uani walizungushwa saa nzima. Mwanzoni ardhi ilitikisika kama godoro. Ng'ombe mmoja alizama mpaka magoti, akavutwa mkia na kusukumwa na Wapokomo wanne, na Hirbo akaongeza udongo palepale. Kisha mlio wa kwato ukabadilika, kutoka wa kufyonza hadi wa kugonga. Hirbo alisukuma fimbo. Iliingia pingili moja ya kidole. Akampa Asenath naye ajaribu. Asenath alijaribu sehemu saba, akarudia ya kwanza, akamrudishia fimbo, akaenda katikati na kuruka, hivyo hivyo na goti lake bovu. Akaruka tena.

Alipiga picha, akaituma. Maurine alipiga simu papo hapo.

"Mama, hao ni ng'ombe? Ndani ya Kulesa? Kuna nini huko?"

Sauti ilikuwa ya yule msichana wa sakafu ya darasa. Asenath alitazama uani. Dahabo alikuwa anakunywa chai amesimama. Nicholas alikuwa anakagua mistari yake ya mahindi mara ya tatu, na ng'ombe walikuwa wanatoka kwa njia waliyoingilia.

"Hakuna kitu. Wamekuja kunikanyagia udongo."

Kwenye simu Maurine alisikika akimwambia Valary atazame picha ya ng'ombe.

"Mnapanda basi la saa ngapi?" Asenath aliuliza.

"La saa mbili asubuhi."

"Mletee viatu vya mpira. Uwanja mzima ni mavi."