Mzizi Mweusi wa Uani

Kazi yake ilikuwa kuosha mizizi, na kila aliyemuuliza alicheka kabla hajamaliza kujibu. Ya muhogo? Ya karoti? Wapi! Ni mizizi ya miti, myembamba kama uzi, iliyofika kwenye taasisi ya misitu ikiwa bado imo ndani ya madonge ya udongo. Aliiosha juu ya chekecheo, akaichambua kwa kibano, iliyo hai huku, iliyokufa kule. Baadaye ilikaushwa, ikasagwa, ikachomwa ndani ya mashine ya kupimia kaboni. Mtaani wakambandika jina, Mama Mizizi, naye hakulikataa.

Kilichomgandisha pale miaka yote hiyo kilikuwa umbea, jamani. Umbea wa miti. Mtafiti aliyefanya naye kazi, mama mmoja asiyeishiwa maneno, alimweleza kwamba jani hunasa kaboni hewani na kuigeuza sukari, na sehemu ya sukari hiyo hushuka mpaka mizizini. Huko chini kila mzizi huitumia kwa kazi yake. Ule mnene hujijengea lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu, maana lazima ushikilie shina na kupitisha maji. Zile ncha nyembamba kazi yao ni kunyonya tu, hazikai sana, na sukari yake nyingine huwapa kuvu walioziparamia, nao huzisaidia kutafuta chakula. Tangu aliposikia hayo, Mama Mizizi hakupita tena chini ya mti bila kujiuliza huko chini wanapikiana nini.

Basi mama mkwe wake alikuwa akiishi peke yake, na miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Alishaanguka mlangoni, akaanguka tena jikoni. Mumewe Mama Mizizi, fundi mwashi, akaamua kumjengea mama yake chumba uani kwao. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa kando ya mti ambao bibi huyo aliupanda mwenyewe alipokuwa akiishi hapo na watoto wake. Bibi akakubali, ila akaweka sharti: mti ukifa kwa ajili ya chumba hicho, humo hatalala hata siku moja. Na yule hakuwa mtu wa kutania.

Fundi akachimba msingi, sururu ikagonga mzizi mnene, mweusi ti. Akamwita mkewe. Si ndiye bingwa wa nyumba?

"Huu mzima au umekufa?"

Mama Mizizi alitupa jicho mara moja tu. Kazini alizoea kwamba mweupe ndio ulio hai, mweusi umekufa, na mikono yake ilichambua hivyo bila hata kuwaza. Isitoshe, aliona raha kuulizwa.

"Umekufa huo. Kata."

Shoka likashuka. Ndani ya mzizi kulikuwa kweupe, na maji yakachuruzika. Mama Mizizi akagusa kwa kidole, kikalowa. Fundi akasema wafukie, wakae kimya, nani atajua? Mkewe alikataa katakata. Akakata kipande, akakifunga kwa kitambaa kibichi, akaenda nacho kazini.

Mtafiti alikikwaruza kwa ukucha. Ganda jeusi, chini yake nyama nyeupe. Akamweleza kwamba miti wanayoletewa pale ina mizizi ya rangi hafifu, lakini mingine hujaza ganda lake tanini, ile ile inayofanya chai ikaushe mdomo, kwa kujikinga na walaji. Hiyo nayo imetengenezwa kwa kaboni, na inaweza kulifanya ganda liwe jeusi hata mzizi ukiwa mzima kabisa. Mama Mizizi aliona aibu mpaka masikioni. Lakini udadisi ukaishinda aibu: je, mti utakufa?

Mtafiti alisema mzizi mmoja si mti mzima. Wasikate mwingine, wafunike kidonda kwa udongo wenye unyevu. Kama mzizi ulikuwa na akiba ya kutosha, ungeweza kuchipua karibu na pale ulipokatwa. Kama.

Fundi alinung'unika, kisha akabadili ramani: nguzo chache, na boriti ya zege ipite juu ya mizizi. Mama Mizizi akaenda mwenyewe kwa mama mkwe.

"Nani alikata?" bibi akauliza.

"Aliyeshika shoka ni mwanao, mama. Aliyesema kata ni mimi."

Bibi akasema wajenge, ila yeye haondoki kwake mpaka ajue mwisho wa mti. Chumba kikaisha, kikapakwa rangi, kikakaa kitupu. Upande mmoja wa mti ukapukutisha majani. Mama Mizizi alitamani kufukua achungulie, akajizuia, maana kufukua kunavunja ncha. Usingizini alikuwa akimwona mama mkwe amelala sakafuni peke yake.

Siku moja bibi alikuja mwenyewe, na fimbo yake, akakataa kushikwa mkono. Akataka pafukuliwe, naye aone. Mama Mizizi akapiga magoti, akamwaga maji kidogo kidogo kama afanyavyo kazini, udongo ukateleza. Kwenye ukingo wa kidonda kilikuwa kimeota kishungi cha mizizi myembamba, myeupe.

Bibi akaomba miwani. Akainama.

"Mbona hii myeupe na mkubwa wao mweusi?"

"Bado michanga, mama. Itakuwa myeusi ikikomaa."

"Na majani yamepukutika. Inakula nini?"

"Akiba, mama. Mzizi uliweka wanga ndani."

Bibi aliitazama sana, akauliza kama inaumia ikiguswa, akauliza itafika wapi. Mama Mizizi alijibu alichojua, na asichojua akasema hajui. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akajifanya anapangusa tope.

"Ifukie, isipigwe jua," bibi akasema. "Halafu mwambie mwanangu akanichukulie kitanda."