Pampu ya Shigela Iliyopumua

Mdogo wangu Shigela alikuwa fundi katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba, hapa Bariadi. Soko lilipofunguliwa wakaja wanunuzi binafsi, kiwanda kikafungwa. Mabomba ya kupulizia dawa, ambayo zamani ushirika ulituletea mapya, kila mtu akabaki na lake bovu. La mke wa Shigela, Generoza, lilivuja mgongoni kutwa nzima, naye hakutaka kuacha kabla hajamaliza shamba. Kesho yake alfajiri hakuweza kusema. Nilikaa naye hadi saa nne asubuhi nikisikiliza anavyovuta pumzi. Shigela alikuwa upande wa pili, ameshika saa ya mkono, akihesabu kama anayepima mashine.

Msibani hakulia. Matanga yalipoisha alianza kutengeneza pampu.

Alitaka ndogo ya kukaa kiunoni, isiyo na mpini wala kitu cha kusuguana hadi kikavuja. Katika jarida moja la wageni aliloazima parokiani aliona kwamba mpira mwembamba, ukipakwa kitu kinachopitisha umeme pande zote mbili, hutanuka umeme ukiingia na hurudi ukikatwa. Basi alikata glavu za hospitali, akazivuta kwenye duara la mfuniko wa ndoo, akazipaka unga wa makaa ya betri za tochi uliochanganywa na mafuta. Umeme aliutoa kwenye televisheni mbovu, kwenye kile kipande kinachoukuza. Alinikataza kukigusa.

Glavu zilipasuka moja baada ya nyingine. Ya arobaini na kitu haikupasuka. Ilivimba juu ya kikopo cha maji, ikanywea, ikavimba tena, na maji yakapanda kwenye mrija.

Nilikuwa mlangoni na sahani ya ugali. Sikuingia. Niliujua mwendo ule. Pumzi moja, kimya, mbili za haraka, kimya kirefu. Kilichowasha na kuzima umeme kilikuwa gurudumu la saa ya ukutani, na meno yake alikuwa ameyakata mwenyewe kwa hesabu ya asubuhi ile.

Wanawake kwenye bomba la maji walisema amemfungia mkewe ndani ya kikopo. Niliwakemea. Kisha nikarudi nyumbani nikamkataza binti yangu Lukresia kupita pale.

Januarius, bwana shamba, alikuja kuiona. "Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akainama mezani. Alisema ikijaza kikombe kabla sigara yake haijaisha, ataipeleka Shinyanga kwa mafundi wanaoweza kumpa Shigela kazi. Sigara iliisha, kikombe kikiwa nusu.

"Fundi, mashine yako inapumzika mno," alisema. "Inamsubiri nani?"

Januarius akasema atarudi Ijumaa.

Alipoondoka nilimwambia mdogo wangu asawazishe yale meno.

"Nikiyasawazisha, dada, nitamsikia wapi?"

"Wako wanawake shambani sasa hivi, migongo imelowa."

Alichukua tupa. Hakutafuta gurudumu jingine. Alisugua lile lile, unga wa shaba ukamwangukia magotini, nami nikasimama pale hadi alipomaliza, maana niliogopa nikiondoka ataacha.

Ijumaa pampu ilikwenda mbio, mwendo mmoja kama cherehani. Kikombe kilijaa, maji yakamwagika mezani, na sigara ya Januarius haikufika nusu. Aliifunga pampu kwenye gazeti akaondoka nayo. Baada ya wiki tatu Shigela aliitwa Shinyanga.

Siku ya safari alikuja kuniaga. Alishika mfuko wake, hakuondoka.

"Dada, ule mwendo unaukumbuka? Ilikuwa moja, kimya, halafu ngapi?"

Nilimwambia nimesahau.

Alinitazama sana, kisha akaniamini. Nasikia huko anakula na analala vizuri. Mimi, Lukresia akijilaza mchana, husimama mlangoni nikahesabu pumzi zake hadi nihakikishe haziendi vile.