Komunike ya Picha Zilizobaki

Tata Banza, mpiga picha wa Kolwezi, alikuwa ameweka kwenye saiti yake mpya ya mtandaoni picha za majirani waliofukuzwa mjini kwa kuwa asili yao ni mkoa mwingine, mwaka ule wa treni zilizojaa, wakaondoka bila kuzichukua. Usingizini aliwaona bado wamekaa studio, hasa Mama Mignonne muuza mikate, wakingoja awaambie wainuke. Lakini saiti haikufunguliwa na mtu.

"Tuandike komunike, tuitume kwa magazeti ya mtandaoni," alisema binti yake Abigaëlle.

Komunike aliyoijua Banza ni lile tangazo la redio, la kujulisha msiba. Akaandika vivyo hivyo: "Banza wa Kolwezi anajulisha ndugu na jamaa wote walioko Mwene-Ditu, Kananga na kokote walikofika..." Abigaëlle alicheka, akaituma ilivyo.

Kesho yake simu haikunyamaza.

"Tata, nani amekufa?" aliuliza mmoja.

"Hakuna mutu. Kuko tu sura yako hapa, ya zamani."

Wengine walimgombeza kwa kuwaliza bure, kisha wakafungua saiti, wakaita watoto wao waje kuangalia.

Jioni ikaja sauti ya mama mzee. "Banza, mi Mignonne. Nilishaanza kukulilia. Ni wewe ulikufa?"

"Bado, mama. Fungua, angalia."

Banza alisikia kuku wa kule mbali.

"Ile kitambaa ya kichwa," akasema mama. "Nilikuwa nimesahau kama nilikuwa muzuri."

Banza akafumba macho, akamwona anainuka kwenye kiti cha studio, anatoka mlangoni taratibu.