Alama za Marisela

Marisela, binti wa kaka yangu, alikuwa akijiandaa kwa mara ya tatu kwa mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, na alishaapa kwamba akishindwa safari hii hatajaribu tena. Mitihani yote ya majaribio alishaimaliza, akawa anairudia. Kila Jumamosi alama zilipanda. Kaka yangu Eliseo aliwatambia wateja wa karakana yake pale mjini McAllen: "Tairi mbovu leteni kwangu, mioyo mibovu pelekeni kwa binti yangu!"

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani Marisela aliniomba nimsomee maswali. La kwanza sikulifikisha nusu.

"Jibu ni la tatu, shangazi."

"We mtoto, hata sijakwambia mgonjwa anaumwa nini!"

Nilicheka peke yangu. Nikaanza jingine, akalijibu vilevile, kisha akafunika uso kwa mikono.

"Sijui kitu, shangazi. Nimeyakariri tu."

Uani Eliseo alikuwa akichoma nyama ya Jumapili. "Mwiteni daktari aje ale!"

Marisela akanawa uso, akaenda kukaa karibu na baba yake, na kila alipoongezewa nyama alishukuru.